Kinachotupwa na Anayekiokota: Mazungumzo kwa Wenye Biashara Ndogo wa Kaunti ya Kilifi



Mazungumzo haya yanahusu mambo mawili ambayo mara nyingi husemwa katika mikutano tofauti na maafisa tofauti. La kwanza ni taka inayotoka kwenye biashara. La pili ni haki za mtu anayefanya kazi katika biashara hiyo. Hapa yamewekwa pamoja kwa sababu katika biashara ndogo mambo hayo mawili ni hesabu moja. Biashara inayopoteza mali hukosa pesa za kumlipa mfanyakazi vizuri. Naye mfanyakazi asiyelipwa vizuri wala kufundishwa, huharibu mali zaidi. Mwisho wa mwezi hasara huwa ya wote wawili.

Jina jipya, kazi ya zamani

Siku hizi neno linalosikika sana ni "uchumi wa mzunguko". Maana yake si ngumu. Kitu kinachonunuliwa kitumike kwa muda mrefu. Kikiharibika, kitengenezwe. Kisipotengenezeka, sehemu zake zipate kazi nyingine. Kinachobaki mwishoni kirudi shambani au kiwandani badala ya kwenda jaani. Kinyume chake ni mazoea ya kununua, kutumia na kutupa.

Wakaazi wa Kilifi hawahitaji mgeni wa kuwafundisha jambo hili, maana mnazi ulishawafundisha. Makuti huezeka nyumba. Chelewa hufungwa fagio. Kifuu huwa upawa, na kisipofaa huwa kuni. Makumbi hutoa usumba wa kusokota kamba. Machicha yaliyokamuliwa tui hulishwa kuku. Fundi wa jua kali naye hafanyi tofauti: tairi la lori lililochakaa huwa viatu vya akala, na pipa la bati huwa jiko.

Kilichobadilika ni bidhaa zenyewe. Machicha yaliyosahaulika nyuma ya nyumba huoza yakawa mbolea. Chupa ya plastiki haiozi. Betri ya gari ina risasi na asidi. Oili chafu ya gereji ikimwagwa chini hufuata maji ya mvua hadi kisimani au baharini. Kwa hivyo hekima ya zamani inabaki, lakini sasa inahitaji mpango, na inahitaji kufuata sheria.

Sheria inasema nini kuhusu taka

Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaipa serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa, na pia kazi ya kusimamia masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Ndiyo maana mkaazi ana haki ya kuiuliza kaunti kuhusu taka, na kaunti ina haki ya kumuuliza mwenye biashara.

Tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja, yaani chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija, haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Katika kaunti hii, marufuku hayo yanagusa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zililindwa tangu 1968, na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwenye kuuza vinywaji kwa wageni wanaoingia huko anapaswa kulijua hilo kabla ya mgeni wake kuzuiwa langoni.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Kwa mwenye biashara ndogo, jambo kubwa ndani yake ni hili: taka itenganishwe pale pale inapotoka. Inayooza iwe mbali na isiyooza. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji mapipa mawili, hata kama ni madebe mawili ya zamani, na mtu anayejua kipi kinaingia wapi.

Faida yake huonekana haraka. Maganda na mabaki ya hoteli yakiwa safi, mfugaji wa nguruwe, kuku au bata atayafuata mwenyewe, au yatawekwa kwenye shimo la mboji. Katoni zikiwa kavu zina mnunuzi. Chupa zikiwa hazina mchuzi ndani zina mnunuzi pia. Vikichanganywa vyote katika gunia moja, havina mnunuzi hata mmoja, na mwenye hoteli analipa ili viondolewe.

Wiki moja ya daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye biashara wengi huandika mauzo. Wachache huandika kinachotupwa.

Kwa siku saba, kila jioni, iandikwe taka ya siku hiyo: ni nini, ni kiasi gani, na ilinunuliwa kwa pesa ngapi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mshonaji ananunua vitambaa vya shilingi 20,000 kwa mwezi, na sehemu moja kati ya kumi hubaki sakafuni kama vipande. Hapo shilingi 2,000 zimefagiliwa. Akipanga ukataji vizuri, akakata nguo kadhaa kwa pamoja, huenda akaokoa nusu yake. Vipande vilivyobaki vikishonwa vifuko, vishikio vya sufuria au kujazwa kwenye mito, ile nusu ya pili nayo inaanza kurudi. Kwa mwaka, hesabu hiyo ndogo hukaribia shilingi 24,000.

Mwenye hoteli ataona wali unaobaki kila Jumatatu. Seremala ataona mabaki ya mbao ambayo yangetosha kuwa kibao cha mbuzi au mguu wa kigoda. Mwenye duka ataona mikate inayopitwa na tarehe kwa sababu iliagizwa kwa mazoea. Dawa ya kwanza kwa wote si kutafuta wa kununua taka. Dawa ya kwanza ni kununua kwa kipimo, ya pili ni kutengeneza kilichoharibika, na ya tatu ni kutumia tena. Kuuza kwa kilo ili kikayeyushwe kiwandani huja mwisho, maana hapo ndipo bei huwa ndogo kabisa, na gharama ya kusafirisha huila.

Na nani anayejua zaidi kinachopotea? Si mwenye biashara aliyekaa kwenye kaunta ya pesa. Ni yule anayekata kitambaa, anayeosha sufuria, anayefagia. Asipoulizwa, hatasema. Akiuliza mwenyewe akafokewa, hatarudia. Hapa ndipo mambo mawili ya mazungumzo haya yanapokutana.

Funzo la Owino Uhuru

Kuna mtu anayeweza kudhani kwamba biashara inayorudisha taka kwenye matumizi ni nzuri kwa sababu hiyo tu. Jirani zetu wa Mombasa wanajua kwamba sivyo.

Katika mtaa wa Owino Uhuru palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwa jina, huo ulikuwa uchumi wa mzunguko: betri iliyokufa ilirudi kuwa mali. Lakini sumu ya risasi iliwaingia wafanyakazi na wakaazi wa mtaa, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini. Aliongoza wakaazi kudai haki. Kiwanda kilisimamisha kazi mwaka 2014, na mwaka 2015 Omido alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwezi wa Julai 2020, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi iliendelea kwa rufaa kwa miaka mingine, na wakati huo wote watu wa mtaa huo waliishi na madhara.

Funzo lake ni hili. Kuokoa betri na kumpoteza mtu si kuokoa kitu. Mzunguko unaoponya mali huku ukimuumiza anayeifanya kazi, haujakamilika. Gereji ya Mariakani au Mtwapa si kiwanda, lakini kijana anayepasua betri kwa nyundo ili kutoa risasi yuko katika njia ile ile. Betri ibaki nzima na ipelekwe kwa mwenye kibali. Oili chafu ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko, isimwagwe. Orodha ya wenye leseni za kuchukua taka hatari huulizwa katika ofisi ya NEMA.

Haki zisizongoja biashara ikue

Kwa Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012, biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato madogo kwa mwaka huitwa biashara ndogo kabisa. Wengi sokoni wako hapo. Baadhi yao huamini kwamba sheria za kazi ni za makampuni na mahoteli makubwa. Hiyo si kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlinda mfanyakazi wa kibanda kama inavyomlinda wa kampuni. Haya ndiyo mambo ambayo kila mwenye biashara anapaswa kuyajua kwa kichwa:

Mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: jina, kazi, saa, mshahara, siku ya malipo.

Kibarua alipwe mwisho wa siku. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, sheria inamtambua kama mfanyakazi wa mwezi, hata kama anaendelea kuitwa kibarua.

Kila mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Akimaliza miezi 12, ana likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Mama aliyejifungua ana miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba ana wiki 2.

Akiwa amefanya kazi kwa miezi 2 mfululizo na akaugua, kwa cheti cha daktari ana angalau siku 7 za malipo kamili na nyingine 7 za nusu malipo kwa mwaka.

Kuhusu sahani iliyovunjika: mwenye hoteli haruhusiwi kukata mshahara kwa kila ajali. Sheria inaruhusu makato ya kiasi cha haki pale uharibifu ulipotokea kwa makusudi ya mfanyakazi. Mkono ulioteleza si makusudi.

Mtoto wa chini ya miaka 13 haajiriwi. Wa kati ya miaka 13 na 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shule. Kuokota chupa jaani si kazi nyepesi.

Mshahara usiwe chini ya kima kilichowekwa na serikali. Kima hicho hutofautiana kwa aina ya kazi na kwa eneo, na hubadilishwa mara kwa mara. Ofisi ya kazi iliyo karibu hutoa viwango vya sasa bila malipo.

Juu ya hayo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Kwa mchomeleaji vyuma ni miwani na glavu. Kwa seremala ni kitambaa au barakoa ya kuzuia vumbi. Kwa anayechambua taka ni viatu vigumu na glavu nzito. Mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri hupaswa kuripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate taarifa.

Mwokotaji na mizani

Kuna mfanyakazi mwingine ambaye hana mwajiri, hana mkataba, na bila yeye masoko yetu yangefunikwa. Huyo ni mwokotaji taka. Hupita alfajiri na gunia. Chupa anayoiokota ilinunuliwa dukani kwa mtu, ikatupwa na mtu mwingine, na yeye ndiye anayeirudisha kwenye mzunguko.

Haki yake huanzia kwenye debe la taka la mwenye biashara. Sindano ya duka la dawa, wembe wa kinyozi na kioo kilichovunjika vikitupwa pamoja na maganda ya ndizi, mkono utakaokutana navyo ni wake. Taka za sindano na dawa hazistahili kabisa kuingia kwenye taka za soko. Wembe utiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko. Kioo kifungwe kwa katoni na kuwekwa kando. Hilo linachukua dakika moja, na halina gharama.

Haki yake ya pili iko kwenye mizani. Mwokotaji hulipwa kwa kilo. Mizani ikidanganya, anaibiwa kila siku, kidogo kidogo, bila kujua. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Hilo linamhusu mnunuzi wa plastiki na chuma kuukuu kama linavyomhusu mwenye bucha. Mwokotaji ana haki ya kuuona muhuri huo na kusoma uzito mwenyewe. Mnunuzi wa chuma kuukuu naye lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na anapaswa kujua chuma anachonunua kimetoka wapi. Kifuniko cha shimo la maji taka na waya wa stima havikuokotwa, viliibwa.

Waokotaji wanaofanya kazi kwa kikundi hupata nguvu zaidi. Mtu mmoja mwenye gunia moja hukubali bei anayopewa. Watu ishirini wenye mzigo wa gari hujadiliana. Kikundi kilichosajiliwa pia kinaweza kufungua akaunti, kuweka akiba na kuingia mkataba wa kukusanya taka za maduka.

Lakini pesa zitatoka wapi?

Swali hilo huulizwa kila mahali, na ni la haki. Biashara nyingi ndogo huishi kwa mauzo ya siku. Mwenye kibanda aliyelipa kodi ya nyumba na karo ya shule hawezi kuambiwa abadilishe kila kitu wiki ijayo.

Jibu la kwanza ni kwamba mambo mengi yaliyotajwa hapa hayaanzi na pesa. Kutenganisha taka, kuandika daftari, kuandika mkataba wa ukurasa mmoja na kupanga zamu ili kila mtu apumzike siku moja, ni mambo ya utaratibu. Jibu la pili ni kwamba pesa ya kwanza ilipwe na hasara iliyozuiwa. Zile shilingi zilizokuwa zikifagiliwa kila mwezi zinunue glavu, kisha kizima moto, kisha zichangie michango ya NSSF na bima ya afya ya SHA.

Mkopo uje baadaye, na uwe na kazi maalumu: jiko linalokula kuni kidogo, cherehani ya pili, mashine ya kukuna nazi. Hazina ya Uwezo, Hazina ya Wanawake na Hustler Fund zipo kwa ajili ya biashara za ngazi hii. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajili biashara zao wana pia nafasi ya asilimia 30 ya zabuni za serikali iliyotengwa kwa ajili yao. Shule zinanunua madawati, ofisi zinakarabati viti. Fundi mwenye vitabu safi na wafanyakazi wenye mikataba yuko tayari anapoulizwa karatasi. Asiye nazo hubaki nje, hata kama kazi ya mikono yake ni bora.

Jibu la tatu ni kuhusu wafanyakazi wenyewe. Fundi anayelipwa kwa wakati hukaa. Anayekaa hujifunza. Aliyejifunza hukata kitambaa bila kupoteza, hurekebisha kiti badala ya kukitupa, na hujua chuma kipi kitashika. Biashara inayobadilisha vibarua kila mwezi hulipa ada ya mafunzo kila mwezi, na hulipa kwa bidhaa zilizoharibika.

Kazi ya wiki hii

Mwenye biashara aliyefika hapa anaweza kuanza na mambo manne, na asiongeze la tano kabla ya kuyamaliza. Aweke madebe mawili ya taka. Afungue ukurasa wa hasara katika daftari. Aandike mkataba kwa kila mfanyakazi ambaye hana. Na akae nao kwa nusu saa, awaulize swali moja: ni kitu gani hapa tunakitupa ambacho kingefaa?

Mfanyakazi naye ana sehemu yake. Atunze vifaa, aseme mapema kinapoharibika kitu, na avae kinga aliyopewa hata jua likiwa kali. Akiona haki yake imekanyagwa, aanze kwa mazungumzo na mwajiri. Yakishindikana, mlango wa ofisi ya kazi uko wazi. Kuhusu leseni, masoko na mizani, aende kwa maafisa wa biashara wa kaunti ndogo. Kuhusu taka isiyochukuliwa, msimamizi wa wadi ndiye wa kwanza kuulizwa, na ana wajibu wa kujibu.

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo hutajwa kwa vitu. Katika masoko ya Kilifi, Malindi, Mtwapa, Mariakani na Kaloleni, itajwe pia kwa mfanyakazi anayeondoka kwa sababu siku ya malipo ilipita kimya.